Ujamaa wa Kuamriwa na Ujamaa wa Kujitakia: Tuliyoyakumbuka Njia ya Lusahunga

Katika mkutano wetu wa matawi uliopita, ilipofika zamu ya kuzungumza khabari ya sakafu ya pamoja ya kuanikia karafuu, na ghala lake na mzani wake, mwanachama mmoja, mtu mzima na mwenye mikarafuu yake, alisimama akauliza neno ambalo halikupata jawabu siku ile. Alisema: "Mabwana, haya si yale yale ya ujamaa? Tuliyasikia, na mwisho wake tukauona. Mbona twarudishwa huko huko?" Watu wakacheka, na wengine wakampigia makofi. Mwenyekiti akaona jua limekwisha kutua, akafunga mkutano. Lakini swali lile halikuwa la kuchekwa. Mtu anayetakiwa atoe fedha aliyoipata kwa kupanda mti na kushuka, na kwa kuanika na kuanua kila wingu linapotanda, ana haki ya kuuliza fedha hiyo yaenda kufanya nini, na itakuwa chini ya mkono wa nani. Tuliahidi kumjibu katika karatasi yetu hii, na leo twamjibu kadiri ya tujuavyo.

Imesadifu kwamba wajumbe watatu wa chama, nasi tunaoandika tukiwa miongoni mwao, tulisafiri bara kwenda kutazama jinsi wakulima wa kahawa wa Ngara wanavyokusanya zao lao. Njiani tulikaa nusu siku nzima Lusahunga, katika wilaya ya Biharamulo, kwa sababu ya gurudumu lililopasuka. Kwa msomaji asiyepajua, Lusahunga ni mahali ambapo njia itokayo Biharamulo hukutana na ile itokayo Nyakanazi, na kutoka hapo mpaka Rusumo, mpakani mwa Rwanda, ni kilomita 92. Malori ya Rwanda na Burundi hupita usiku na mchana. Chai yake ni nzuri, na mahindi ya kuchoma ni mazuri zaidi.

Tulipokuwa tumekaa mbele ya duka moja alikuja mzee akatukaribia, akajua kwa kofia zetu kwamba tu watu wa pwani. Tukampa shikamoo, akaitikia, akaketi. Mazungumzo yakaja mpaka juu ya nyumba, kwa kuwa tulikuwa tumeshangaa kuona jinsi zilivyojipanga, zote zimeelekea barabarani. Mzee akasema: "Sisi hatukujenga hivi. Tulijengeshwa." Akatueleza kwamba alipokuwa kijana kila mtu alikaa kwake, mbali na mwenziwe, katikati ya migomba yake, na kwamba mwaka 1974 waliambiwa wasogee njiani. Nyumba walizibomoa wakachukua miti yake. "Mgomba," alisema, "hauchukuliki."

Neno hilo la mgomba ndilo lililotufanya tuandike makala haya kwa namna hii, maana mwenye mkarafuu hulifahamu bila ya kufasiriwa. Lakini kwanza tuieleze khabari yenyewe tangu mwanzo, kwani vijana wengi katika matawi yetu husikia neno ujamaa likitajwa kwa sifa au kwa kejeli, wala hawajui lilikuwa limesema nini.

Mwalimu Julius Nyerere aliandika kijitabu chake cha Ujamaa mwaka 1962, mwaka mmoja tu baada ya Uhuru wa Tanganyika. Hoja yake ilikuwa hii: ujamaa wa Ulaya ulizaliwa katika ugomvi wa matabaka, baina ya wenye viwanda na watu wasio na kitu ila mikono yao, sisi hatuna haja ya kuanza na ugomvi huo, kwa sababu tunao mfano wetu nyumbani, nao ni jamaa. Katika jamaa kila mtu hufanya kazi, hakuna anayelala njaa peke yake, na ardhi si bidhaa ya kuuziana. Basi ikiwezekana kuukuza ule moyo wa jamaa ukaenea nchi nzima, huo ndio ujamaa. Twaona ni hoja yenye nguvu, na yenye udhaifu wake ndani yake, kwa kuwa kila mmoja wetu anajua kwamba ndani ya jamaa pia mna mkubwa na mdogo, na mna wanawake wafanyao kazi nyingi wakapata sehemu ndogo. Mwalimu mwenyewe hakulificha jambo hilo la wanawake. Alilitaja waziwazi alipoandika tena miaka mitano baadaye.

Mwaka huo wa baadaye ni 1967. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari, mabenki na makampuni makubwa yakawa ya umma, na viongozi wakakatazwa kuwa na mishahara miwili, nyumba za kupangisha na hisa katika makampuni. (Masharti hayo ya viongozi yalikuja kulegezwa mwaka 1991 katika kikao cha chama tawala kilichofanywa hapa hapa kwetu, na ndiyo maana watu husema Azimio la Zanzibar.) Mwezi wa Septemba mwaka ule wa 1967 likatoka andiko la pili, la Ujamaa Vijijini, na hilo ndilo limhusulo mkulima. Lilisema watu waende hatua kwa hatua: kwanza wakae karibu karibu, kisha wawe na shamba dogo la pamoja, na mwisho, wakiridhika na faida yake, walime pamoja sehemu kubwa. Na lilisema jambo moja kwa mkazo, kwamba watu washawishiwe, wasilazimishwe.

Tushike neno hilo la mwisho, kisha tutazame Songea.

Huko Litowa, tangu mwaka 1960, vijana wa TANU walikuwa wamekwisha kuanza kijiji chao kabla ya andiko lolote. Mara ya kwanza walishindwa kwa sababu ya njaa, wakarudi tena. Vijiji vingine vikafuata, vikaungana katika chama kilichoitwa Ruvuma Development Association, na kufika mwaka 1969 vilikuwa vijiji kama 17. Walikuwa na mashine yao ya kusaga, kiwanda cha kupasua mbao, na shule yao Litowa ambayo watoto walisoma huku wakilima. Mambo yao waliamua katika mikutano yao wenyewe. Katibu wao alikuwa Ntimbanjayo Millinga, na Mwingereza mmoja aitwaye Ralph Ibbott alikaa nao kuwa mshauri. Mwalimu aliwapenda, na wengi husema alipoandika Ujamaa Vijijini alikuwa akiwaona wao mbele ya macho yake.

Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama kile. Mashine zikachukuliwa na walimu wakatawanywa. Kosa lao, kwa tunavyofahamu, halikuwa uvivu wala wizi. Walikuwa na nguvu ambayo haikutoka kwa mkubwa yeyote, na wakubwa wa mkoa hawakujua waiweke wapi nguvu ya namna hiyo. Hapo ndipo njia mbili za ujamaa zilipoachana. Mmoja ulitoka chini, kwa watu waliokutana wakakubaliana. Wa pili ulitoka juu, kwa Serikali iliyojua heri ya watu kuliko watu wenyewe. Serikali ilichagua wa pili, na tangu siku ile andiko la 1967 lilibaki kuwa andiko.

Mwezi wa Novemba 1973 ikatangazwa kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba kazi iishe kabla ya mwisho wa 1976. Operesheni Vijiji ikaanza. Nchini kote, kufika mwaka 1977, ilihesabiwa kwamba zaidi ya watu milioni 13 walikuwa katika vijiji zaidi ya 7,000. Katika khabari za Afrika hatujui kuhamishwa kwa watu kulikokuwa kukubwa kuliko huko katika wakati mfupi namna ile. Vijiji vingi viliwekwa kando ya njia, ili lori la mahindi, gari la mganga na bwana mkubwa vifike kwa urahisi. Faida haikukosekana. Shule na visima na zahanati vilifika mahali ambapo havikupata kufika, na sisi si watu wa kukana jambo tuliloliona. Lakini mashamba yalibaki mbali. Mkulima alitembea saa nzima na zaidi kwenda kulima, na aliporudi usiku nguruwe na nyani walikuwa na nafasi yao. Ukame wa miaka ile ukazidisha, na nchi ikanunua chakula kingi kutoka ng'ambo.

Wala jambo la kukusanywa halikuwa jipya kwa watu wa magharibi ya Ziwa. Serikali ya Mwingereza nayo, katika miaka ya 1920 na 1930, iliwakusanya watu katika makazi ya pamoja kwa ajili ya ugonjwa wa malale, na Biharamulo ilikuwa katika nchi zilizoguswa. Sababu zilikuwa mbali mbali kabisa, mmoja akikimbiza mbung'o na mwingine umasikini. Kwa mtu anayebomoa nyumba yake, hata hivyo, kazi ya mikono ni ile ile.

Sasa turudi kwenye mgomba. Si kila mahali watu walihamishwa. Katika nchi zenye miti ya kudumu na watu wengi, kama vile Kilimanjaro na Bukoba kwenye kahawa na migomba, mara nyingi Serikali iliandika tu kwamba hapa ni kijiji, watu wakabaki walipokuwa. Huwezi kumhamisha mtu mwenye mibuni ya miaka 20 ila umfilisi, na kumfilisi yeye ni kuifilisi hazina iliyokuwa ikipata fedha za kigeni kwa kahawa yake. Aliyehamishwa zaidi ni yule ambaye mali yake ni mahindi na muhogo, au migomba iliyokuwa michache. Ndiyo maana twasema kwamba mti wenye mizizi mirefu ni ulinzi wa mtu mbele ya Serikali yoyote, iwe ya ujamaa au isiwe. Mkarafuu huchukua miaka sita na zaidi kabla ya kuzaa, ukaishi kuliko aliyeupanda. Mwenye mti hahamishiki kwa urahisi. Njia ya kumpata ni nyingine, nayo ni mzani.

Hapa twafika pale ambapo wakulima wa kahawa wa Ngara wanafanana nasi kabisa. Bugufi, katika nchi hiyo ya Ngara, ilikuwa na chama cha ushirika wa kahawa tangu mwaka 1936, zamani kuliko ushirika wa Bukoba, ambao chama chake kikuu kilianza 1950. Mwezi wa Mei 1976, miaka 40 baadaye, Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika nchini Tanzania Bara. Kazi za vyama vidogo wakapewa vijiji, na mazao yakapewa mamlaka zilizowekwa na Serikali, kahawa na yake, pamba na yake. Mkulima aliyekuwa mwenye chama akawa mwenye gunia tu. Ni kweli kwamba ushirika ulikuwa na maovu yake. Tume iliyowekwa na Rais mwaka 1966 ilikuta ubadhirifu na upendeleo wa kutosha. Lakini mwizi wa ushirika alichaguliwa na wenye mali, nao waliweza kumtoa, ingawa kwa taabu. Katika mamlaka ya zao mkulima hakuwa na kura. Mwaka 1982 sheria ilirudisha ushirika, ila watu walikuwa wamekwisha kuzoea kuuona kuwa ni ofisi ya wengine, na desturi hiyo haijatoka mpaka leo katika mahali pengi.

Na sisi? Wazee wetu walioona Chama cha Wakuza Karafuu cha mwaka 1934 wamekwisha kututoka wote, lakini khabari zake zimeandikwa. Kiliundwa na Serikali ya Mwingereza, kwa jina la mkulima, na kwa sheria ya 1937 kikapewa madaraka ya peke yake katika biashara ya kupeleka karafuu nje. Wafanya biashara wa Kihindi wakagoma, huko Bombay nako karafuu ya Unguja ikasuswa, mpaka wakapatana 1938. Katika ugomvi wote ule baina ya Serikali na wafanya biashara, mchumaji na mwenye shamba dogo hawakuulizwa. Yakaja Mapinduzi ya 1964, ardhi ikawa ya Serikali, watu wakagawiwa eka tatu tatu, na biashara ya karafuu ikawa ya Shirika la Biashara la Serikali. Ilikuwa haki kubwa kwa mtu aliyekuwa akilima chini ya miti ya mwingine. Mzani, hata hivyo, haukubadilika mahali pake. Katika miaka ya 1970 bei ya dunia ilipanda sana, na sehemu iliyomfikia mkulima ilikuwa ndogo mno, hata karafuu nyingi zikapita baharini usiku. Ilipoanguka bei katika miaka ya 1980, baada ya Indonesia kujitosheleza kwa mikarafuu yake, wengi waliiacha mikarafuu yao ikamezwa na pori. Ilikuwa mwaka 2011 ndipo bei ya mkulima ilipopandishwa sana, na magendo yakapungua bila ya kuhitaji askari wengi.

Kuna mtu mmoja ambaye yafaa tumtaje, kwa kuwa yeye alianza kazi akiwa karani katika kile kile Chama cha Wakuza Karafuu, kabla ya kwenda Uingereza mwaka 1951. Ni Abdulrahman Mohamed Babu, aliyekuwa baadaye kiongozi wa Umma Party na waziri katika Serikali ya Muungano. Aliwekwa kizuizini tangu 1972 mpaka 1978, na huko akaandika kitabu cha kupingana na ujamaa wa Mwalimu, kilichopigwa chapa London mwaka 1981. Babu hakusema kwamba ujamaa ni mbaya. Alisema huu si ujamaa. Kwa maoni yake, kugawana umasikini kwa usawa hakumtoi mtu katika umasikini, na kutaifisha benki hakuna maana ikiwa nchi itaendelea kulima kisichotumika nchini na kutumia kisichotengenezwa nchini. Nchi iuzayo karafuu au kahawa ghafi na kununua nguo, chuma na mashine, alisema, ni mtumwa wa bei asizoziweka, hata bendera yake iwe na rangi gani. Basi kwanza nchi ijenge uchumi unaojitegemea ndani, chakula, nguo, chuma, na biashara ya nje iwe ni ziada.

Tumelisoma jambo hilo na tumelijadili sana njiani, hata dereva akatuomba tupunguze sauti. Kuhusu bei twaona Babu alikuwa na haki, na mwenye kutaka ushahidi autazame mwaka ule Indonesia ilipoacha kununua. Lakini twaona pia kwamba yeye na Mwalimu, pamoja na kupingana kwao, walitazama kutoka kiti kimoja. Wote wawili waliuliza Serikali ifanye nini. Mwenye mikarafuu 15 hakupewa nafasi kubwa katika hoja ya yeyote kati yao, ila kama mtu wa kuelimishwa au nguvu ya kuzalisha mali. Watu wa Litowa ndio waliouliza swali jingine: sisi, tuliokaa hapa, tufanye nini leo, na mashine ya kusaga tuiweke kwa nani?

Basi tumjibu mwanachama wetu. Sakafu tunayoizungumza si ya kuamriwa. Hakuna wa kuvunja sakafu yake wala kukunja jamvi lake nyumbani; mwenye kupenda aanike kwake. Mikarafuu haitachanganywa wala mashamba. Kitakachokuwa cha pamoja ni vitu vitatu tu: sakafu ya saruji, ghala lisilovuja, na mzani. Karafuu iliyonyeshewa ikageuka rangi hupewa daraja la chini, na mkulima mdogo hana pa kuikimbizia mvua ijapo ghafla. Hilo ni la hasara na faida, nalo kila mmoja aweza kulipiga hesabu kwa mavuno yake. Mzani una sababu yake nyingine. Mtu aliyepima nyumbani kwao kwanza, akajua gunia lake lina kilo ngapi, husimama kituoni kwa namna nyingine.

Hatari tuliyoiona katika khabari zote hizi si hatari ya kuwa na kitu pamoja. Ni kitu cha pamoja kuhamia mikononi mwa mtu ambaye hamuwezi kumtoa. Kwa hiyo halmashauri imekubali kuweka masharti haya mbele ya mkutano: kila tawi liwe na sakafu yake na hesabu yake, si makao makuu, aliyetoa hisa nyingi na aliyetoa moja wawe na kura moja moja, wanawake wanaochambua na kuanika waweze kununua hisa kwa majina yao wenyewe, si kwa majina ya waume zao, na daftari la ghala lisomwe kwa sauti kila mwezi mbele ya watu, hata kama waliokuja ni wanne.

Tulipoondoka Lusahunga yule mzee alitusindikiza mpaka garini. Tulimuuliza kama angependa kurudi kule walikokaa zamani. Alicheka. Alisema wajukuu wake wanauza mahindi kwa madereva na hawangekubali kukaa msituni. Na tena kijiji sasa kina halmashauri yake, na sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999 imeipa halmashauri hiyo usimamizi wa ardhi yao. Kijiji walichojengeshwa wamekwisha kukifanya chao. Migomba wamepanda mipya nyuma ya nyumba, upande usioonekana kutoka barabarani, nasi tulikwenda kuitazama. Ilikuwa imestawi.

Fomu za hisa ziko kwa makatibu wa matawi, na mkutano wa kupiga kura utafanywa kabla ya msimu wa uchumaji kuanza. Mwanachama aliyeuliza swali tumempelekea nakala ya makala haya kabla ya kupigwa chapa. Ameleta jawabu kwamba atakuja, na kwamba ana swali la pili, juu ya ufunguo wa ghala, utakaa kwa nani.